Mfungwa Asiye na Kadi ya Chama



Tarehe 9 Aprili 2025 Mwenyekiti Tundu Lissu alikamatwa hapa hapa mkoani kwetu, Mbinga, baada ya mkutano wa hadhara. Kesho yake akasomewa shitaka la uhaini Dar es Salaam. Tangu siku ile vijana wengi wa Kikristo ndani ya chama wameishika Mathayo 25, pale Yesu anapojihesabu kuwa mmoja wa wafungwa. Tumeiona kwenye magrupu ya WhatsApp na tumeisikia kwenye maombi. Sawa kabisa, Biblia ndivyo inavyosema.

Lakini hebu isomeni sura ile yote. Kabla ya kumtaja mfungwa, inamtaja mgeni. Na ndani ya magereza ya nchi hii kuna watu ambao ni vyote viwili kwa wakati mmoja: ni wageni na ni wafungwa. Nawazungumzia vijana wa Ethiopia wanaokamatwa wakivuka nchi yetu kwenda Afrika Kusini, wale tunaowaita Wahabeshi. Magazeti huwaita wahamiaji haramu. Hao nani anawaombea?

Tuseme ukweli kuhusu safari yao. Wengi wanatoka Hadiya na Kembata, kusini mwa Ethiopia, ambako ardhi haitoshi na ajira hakuna. Familia inauza ng'ombe au inakopa, dalali anachukua hela, kijana anapitia Kenya, anaingia Tanzania, anaelekea Malawi au Msumbiji. Njiani anafichwa kwenye lori kama gunia. Juni 2012 miili zaidi ya 40 ilikutwa imetupwa porini Chitego, wilaya ya Kongwa, Dodoma. Walikosa hewa ndani ya lori. Machi 2020 wengine 64 walikutwa wamekufa ndani ya kontena mkoani Tete, Msumbiji. Oktoba 2022 likafukuliwa kaburi la pamoja Mzimba, kaskazini mwa Malawi, si mbali na sisi.

Anayenusurika lori anakutana na hakimu. Mara nyingi kesi haichukui muda: shitaka la kuingia nchini bila kibali, anakiri, faini hana, anakwenda jela. Lugha ya mahakama haijui, wakili hana. Na kuna jambo baya zaidi. Wapo waliomaliza kifungo wakaendelea kukaa ndani kwa sababu tu hakuna wa kulipa nauli ya kuwarudisha kwao, mpaka Shirika la Kimataifa la Uhamiaji lilipowasaidia kusafiri. Mtu ametumikia adhabu yake yote, halafu anaendelea kufungwa kwa kosa la kukosa nauli! Sisi tunaopiga kelele kila siku kuhusu watu kukaa mahabusu bila sababu, hili tunalikaliaje kimya?

Kwa mtu wa Songea kimya hiki ni aibu mara mbili. Wangoni walitoka wapi? Walitoka huko huko Afrika Kusini wanakokimbilia vijana hawa. Walivuka Zambezi mwaka 1835 na hakuna aliyewagongea muhuri. Na miaka ya 60, Wareno walipokuwa wanawachoma wenzetu ng'ambo ya mto Ruvuma, mkoa huu uliwapokea wakimbizi wa Msumbiji, wakapewa mashamba Muhukuru. Wazee wetu hawakuwa matajiri. Waligawana walichokuwa nacho.

Kuna historia nyingine ya hapa inayotuhusu sisi Wakristo moja kwa moja. Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni hapa Songea kwa sababu ya Vita vya Majimaji. Kabla ya kunyongwa, padre Mbenediktini aliingia kwa wafungwa wale akawabatiza waliokubali. Alifanya kazi ya padre, simhukumu. Lakini maji yalimwagwa na kamba ikabaki pale pale. Kwa hiyo swali letu sisi kizazi hiki ni hili: tukienda gerezani na sabuni na kwaya, tukaimba, tukapiga picha, tukarudi Bombambili na Lizaboni tumefurahi, je, tumeuliza kwa nini huyu mtu yuko ndani?

Biblia inao mfano mzuri zaidi. Nabii Yeremia alitupwa shimoni kwa kosa la kisiasa, kwa maneno yaliyowaudhi wakubwa. Aliyemtoa ni nani? Ni Ebedmeleki, Mkushi, mgeni kutoka upande ule ule wa Afrika. Yule hakuishia kumwonea huruma nabii. Alikwenda kwa mfalme kudai atolewe, akapewa watu, akatafuta matambara ili kamba isimchubue. Hapo unaona huruma na siasa zimetembea pamoja.

Na kwetu imetokea hivyo hivyo. Mei 2025 Boniface Mwangi wa Kenya na Agather Atuhaire wa Uganda walikuja kufuatilia kesi ya Lissu. Walikamatwa, wakaja kutupwa mipakani, na wote wawili walieleza kwamba waliteswa. Martha Karua alizuiwa uwanja wa ndege akarudishwa kwao. Wageni waliumia kwa ajili ya mfungwa wetu. Sisi tumeumia kwa ajili ya mfungwa gani wa kwao?

Najua mtaniambia: kamanda, nchi lazima iwe na mipaka, na vijana wetu wenyewe hawana kazi. Kweli, mipaka iwepo. Lakini Mhabeshi aliyelala gerezani hajachukua kazi ya mtu yeyote. Anakula kodi yako, huku dalali aliyekula hela yake yuko nje anapakia lori lingine. Sheria ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu tunayo tangu 2008. Imshike dalali kwanza.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, tuache neno haramu. Kuvuka bila kibali ni kosa, mtu mwenyewe hawi haramu. Pili, vijana wa parokia, wa usharika na wenzetu wa misikitini tuombe kibali cha kutembelea magereza ya mkoa, na tunapokwenda tumuulize pia asiye na ndugu hapa nchini: umemaliza kifungo lini, ulipata mkalimani? Majibu tuwapelekee mawakili, maana Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo na inawagusa watu wa gerezani. Tatu, chama kiandike kwenye sera yake kwamba hakuna mtu atakayebaki jela baada ya kumaliza adhabu kwa kukosa nauli.

Hawa watu hawapigi kura. Hawatatusaidia kupata diwani hata mmoja. Ndiyo maana kuwatetea kutaonyesha kama tunachodai ni haki, au tunadai tu zamu yetu ya kushika funguo.

Nguvu ya umma!