Tubishanie ramani, si bunduki

Na Wafula Simiyu

Vijana wa Kawangware wanaocheza gemu za risasi kwenye simu hubishana sana kuhusu bunduki: ipi inaua haraka, ipi inatikisika mno. Wangebishania ramani, kwa sababu ndiyo inayoamua kama mechi itachangamka au itajikokota. Chukua PUBG Mobile. Erangel ina kilomita 8 kwa 8, na wachezaji 100 hushuka humo kwa parashuti. Kila kilomita ya mraba haipati hata watu wawili. Utaokota helmeti, utapata gari, utazurura dakika kadhaa bila kumwona adui. Livik, iliyokuja 2020, ilikuwa kilomita 2 kwa 2 kwa watu 52, yaani 13 kwa kila kilomita ya mraba. Vidole ni vilevile, bunduki nyingi ni zilezile, lakini mechi ya nusu saa imekuwa ya robo saa. Kwa anayepima bando na chaji kabla ya kuanza, hilo si jambo dogo.

Wapo watakaosema ramani ndogo ni fujo ya wasio na subira. Hoja yao ina ukweli nusu. Nuketown, ambayo wapenzi wa Call of Duty wanaijua tangu 2010, ni nyumba mbili zinazotazamana. Unafufuka, na kabla hujageuka umepigwa mgongoni. Inachosha upesi. Ila kosa si udogo. Dust II, aliyoichora Dave Johnston mwaka 2001 kwa ajili ya Counter-Strike, nayo ni ndogo, lakini njia zake zimepimwa ili pande mbili zifike kwenye milango na vichochoro karibu wakati mmoja. Risasi zikinyamaza, watetezi hutega masikio kusikia nyayo zinaelekea eneo la bomu A au B. Basi kinachohesabiwa ni sekunde za kufika, pamoja na nafasi ya kuvuta pumzi. Hata waundaji wa PUBG wanalijua hilo: duara lao linalosinyaa huilazimisha ramani kubwa iwe ndogo.

Mwaka 2015 Andrew Kaggia alitoa Nairobi X, gemu ya risasi iliyolifanya jiji hili uwanja, ingawa mchezaji alipigana peke yake na viumbe wa anga za juu. Atakayeunda ya watu wengi hapa mtaani ana Barabara ya Naivasha kwa walenga shabaha wa mbali na vichochoro vya Gatina kwa wanaoviziana. Aanze kwa kuhesabu sekunde kutoka kona hadi kona. Bunduki achore baadaye.