Mnunua Kuku Atazame na Tabia

Siku hizi kijana akimaliza masomo na kupata kipande cha uwanja nyuma ya nyumba ya wazazi wake, jambo la kwanza alifikirilo aghalabu ni kufuga kuku. Ni fikira njema, maana kuku hahitaji malisho makubwa kama ng'ombe, na karo za wadogo zetu wengi zimelipwa kwa mayai. Lakini tukienda kununua vifaranga, wengi wetu huuliza maswali mawili tu: Atataga mayai mangapi? Atafikia uzito gani? Swali la tatu haliulizwi, nalo ni hili: Kuku huyu ana tabia gani? Kwa maoni yangu swali hilo lingepaswa kuwa la kwanza, na nitaeleza sababu zangu.

Wako wasemao kwamba kuku ni kuku, na ukali au upole wake hutokana na malezi. Hasha! Wahenga walisema mwana wa kuku hafunzwi kuchakura, na walijua walisemalo. Malezi yana kazi yake, lakini tabia nyingine kuku huzaliwa nayo. Mtaalamu mmoja wa Marekani, William Muir wa Chuo Kikuu cha Purdue, alitangaza mwaka 1996 matokeo ya jaribio lake kwa kuku weupe wa mayai. Yeye hakuchagua mtetea mmoja mmoja aliyetaga kuwapita wenzake, bali alichagua jamaa nzima za kuku waliokaa katika tundu moja wakaishi na kutaga vizuri pamoja. Katika kizazi cha pili walikufa 68 katika kila 100 kwa mwaka, na kudonoana ndiko kulikokuwa sababu kubwa. Kufika kizazi cha nne walikufa chini ya 9 katika kila 100. Basi nani atasema tena kwamba tabia hairithiwi?

Sasa tutazame kuku tunaowajua. Leghorn, ambaye asili yake ni Italia, ni mwepesi wa mwili na mwoga wa moyo. Hutaga mayai meupe mengi, lakini ndoo ikianguka yeye yuko juu ya paa. Rhode Island mwekundu na Sussex mweupe, ambao wazee waliosoma zamani wanawafahamu, ni wazito na watulivu zaidi, ingawa jogoo wa Rhode Island pengine huwa mkali hata kwa mtoto apitaye na maji. Kuku wa kahawia wa mayai, ambao ni machotara, ndio wapole kuliko wote. Huwafuata watu miguuni, na ukimwinamia mmoja hujilaza chini ashikwe. Akilishwa vizuri hutaga kiasi cha mayai 300 kwa mwaka. Lakini upole huo una gharama yake, kwa kuwa hana hadhari na mbwa wala mwewe. Na wakisongamana bandani, hao hao wapole huanza kung'oana manyoya mpaka damu itoke.

Kuroiler alitengenezwa Uhindi kwa ajili ya nyua za vijijini, naye ameenea hapa Uganda tangu miaka ya 2010. Ni mkubwa, ni mtulivu, na hujitafutia chakula, lakini hula sana na kuatamia si kazi yake. Jirani zetu wa Tanzania na Kenya wana kuchi, mrefu wa miguu na shingo, ambaye ugomvi umo katika damu yake. Majogoo wawili wa kuchi hawawezi kukaa katika ua mmoja.

Amebaki kuku wetu wa kienyeji. Huyu ndiye asemwaye vibaya kuliko wote. Husemwa ni mkorofi, hulala mitini, huficha mayai vichakani, na kwa mwaka mzima pengine hafikishi mayai sitini. Yote hayo ni kweli. Lakini mtazame akiwa na vifaranga, mwewe anapopita juu. Hujitutumua, hupiga kelele, na huweza kumrukia ndege aliye na makucha kuliko yeye. Ule ukali tunaouita ukorofi ndio ulinzi wa watoto wake. Ameatamia siku 21, akitoka mara chache kula na kunywa, bila umeme wala mafuta ya taa. Je, mashine ya namna hiyo inauzwa shilingi ngapi?

Jambo ambalo wengi hawalifikiri ni kwamba kutaga sana na kuatamia ni kazi mbili zinazopingana. Mtetea akikaa juu ya mayai, huacha kutaga. Kisha huongeza majuma kadhaa ya kulea. Ndiyo maana watengenezaji wa kuku wa mayai, kizazi baada ya kizazi, waliwaacha wale waliopenda kuatamia, wakazalisha wale wasiopenda. Kwa hiyo mtu anayemlaumu kuku wa kahawia kwa kukataa kuatamia, na yule anayemlaumu kuku wa kienyeji kwa kutaga kidogo, wote wawili wanamlaumu seremala kwa kutojua kushona nguo.

Hasara kubwa huja pale tunapowachanganya kuku wa tabia mbalimbali katika banda moja. Mwaka 1921 Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe alieleza kwamba kila kundi la kuku lina mpango wa nani amdonoe nani, toka wa juu mpaka wa chini. Katika mpango huo ukubwa wa mwili si kitu kikubwa kama moyo. Katika ua wangu nimeona mtetea mdogo wa kienyeji akiwafukuza kuku wa kahawia wanne kwenye chombo cha chakula. Wale wapole hula makombo, hupungua mayai, na mwenye nyumba huenda kugombana na muuza vifaranga.

Basi yafaa tufanye hivi. Anayetaka mayai ya kuuza afuge kuku wa kahawia peke yao, kwa nafasi ya kutosha. Anayetaka kuku wa uani wenye kujitegemea afuge wa kienyeji, na chini yao aweke mayai ya Rhode Island halisi, maana vifaranga vya machotara havifanani na wazazi wao. Asiyeweza kuepuka kuchanganya aongeze vyombo vya chakula na fito za kulalia. Na kwa kuwa kuku mgeni hakosi kamba mguuni, wageni wakae kwanza mbali na wenyeji wao wiki mbili au tatu, isije ikawa wameleta kideri, kisha watengwe kwa wavu waonane siku chache kabla ya kuingizwa. Chanjo nayo isisahauliwe.

Lakini mtu asiyachukue maneno haya akayapeleka kwa wanadamu, akasema kabila hili ni kali na lile ni pole. Tabia za kuku zilitengenezwa na wafugaji walioamua nani azae na nani achinjwe. Sisi hatukufugwa hivyo, na anayesema hivyo hajui kuku wala watu.

Wako wanaotaka kuku wa kienyeji waondolewe kabisa, tubaki na hawa wa kununuliwa. Mimi napinga. Siku gari la vifaranga lisipofika, au bei ikipanda kupita uwezo wa mjane mwenye kuku kumi, ni yule mkorofi wa mtini atakayetupa kundi jipya. Wanafunzi wa kilimo wangetufaa sana kama wangeandika daftarini mwao, pamoja na hesabu ya mayai, nani anamfukuza nani, nani anaatamia, na nani alinusurika na mwewe. Baada ya mwaka tungejua mengi. Mwenye maoni mengine na aandike, nami nitasoma kwa furaha.