Mkuyu mmoja hautoshi

NYANGWE, Kasongo – Kiangazi kimefika, na kando ya mto Lualaba mapanga na mashoka yanasikika tangu alfajiri. Kila mtu anataka shamba lake liwe limefyekwa na kuchomwa kabla ya mvua za Septemba. Wenyeji wanafyeka. Familia zilizokimbia vita upande wa Kabambare zinafyeka pia, kwani njaa haijui mgeni wala mwenyeji. Katika haraka hiyo kuna mti unaoangushwa bila hata kuuliziwa: mkuyu. Wanaoukata hutoa sababu mbili. Mbao zake ni laini, na matunda yake yana wadudu.

Sababu ya kwanza ni kweli. Ya pili nayo ni kweli, lakini hao wadudu ndio wangefanya mtu aweke shoka chini.

Kuyu si tunda kama embe au pera. Ni kama kifuko kilichofungwa, na maua yake yamefichwa ndani. Nyuki hawezi kuyafikia. Kuna tundu dogo sana kwenye ncha, na anayepenya hapo ni nyigu mdogo wa milimita 2 hivi, ambaye hamuumi mtu. Nyigu jike anapojipenyeza, mabawa yake hukatika mlangoni. Akiwa ndani huyapaka maua chavua, yaani ule unga wa maua aliokuja nao, kisha hutaga mayai katika baadhi ya maua hayo. Hatoki tena, hufia humo humo. Maua yaliyopata yai humlisha mtoto wa nyigu, mengine hutoa mbegu za mkuyu. Baada ya majuma kadhaa madume hutoka kwanza, nayo hayana mabawa. Hupandana na majike, huyatobolea njia ya kutokea, na maisha yao huishia hapo. Majike hubeba chavua na kuruka.

Duniani kuna aina zaidi ya 750 za miti ya jamii ya mkuyu, na zaidi ya 100 ziko Afrika. Seremala anayelainisha ubao kwa majani ya msasa anatumia mti wa jamii hiyo hiyo. Kwa kawaida kila aina ina nyigu wake. Mti ukikosa nyigu haupati mbegu, na nyigu akikosa mti hana pa kuzalia.

Hapo ndipo jambo hili linapogusa panga la kila mkulima. Nyigu jike akishatoka ana siku moja au mbili tu za kuishi. Hawezi kurudi katika mti alimozaliwa, kwa sababu makuyu ya mti mmoja kwa kawaida hukomaa pamoja, na wakati wake umekwisha kupita. Lazima apate mkuyu mwingine wa aina ile ile, wenye makuyu machanga ambayo milango yake iko wazi siku hiyo. Kwa hiyo mikuyu ya eneo moja hupokezana zamu, huu mwezi huu, ule mwezi ujao. Kijiji kikibakiza mkuyu mmoja kwa ajili ya baraza la wazee, kimebakiza kivuli. Hakijabakiza mikuyu.

Kupokezana huko ndiko kunakolisha msitu. Karibu kila mwezi kuna mkuyu mahali fulani wenye matunda, hata miti mingine inapokuwa haina kitu. Popo, hondohondo, njiwa, tumbili na sokomutu hufika kula, na katika kinyesi chao huacha mbegu za miti waliyokula kwingine. Ndiyo maana chini ya mkuyu uliobaki katika shamba lililolala huota miche ya aina nyingi ambayo hakuna mtu aliyeipanda. Kwa familia iliyopewa kichaka kilichochoka, hii ni habari ya chakula. Shamba lenye mikuyu kando yake lina nafasi kubwa zaidi ya kurudi msitu na kupata nguvu. Shamba lisilo na mti wa kuwaita ndege linaweza kubaki nyasi kwa miaka mingi.

Wapo watakaosema kwamba nyigu huruka, basi atafika tu. Ni kweli anafika mbali. Katika jangwa la Namib, kule Namibia, utafiti uliotolewa mwaka 2009 juu ya mikuyu ya bonde la mto Ugab ulionyesha kwamba nyigu hao, wakibebwa na upepo, walipeleka chavua karibu kilomita 90 kwa wastani, na mara nyingine hata kilomita 160. Lakini hao ni wale waliobahatika kufika. Upepo unaweza kumbeba nyigu, hauwezi kumpandia mti mahali anapotua.

Misri inaonyesha jinsi mti unavyoishi bila nyigu wake. Huko watu walipanda mikuyu kwa matawi tangu zamani za mafarao, lakini nyigu wa kuizalisha hayuko. Ilibidi wakulima wayachanje makuyu kwa kisu, moja moja, ili yaive, na hayakuwa na mbegu. Kazi ya kutunza mikuyu ilijulikana pia nchi jirani, na katika Biblia nabii Amosi anajieleza kuwa mchungaji na mtunza mikuyu. Kule mtu alifanya kwa jasho sehemu ya kazi ambayo Nyangwe inafanyiwa bure.

Na Kenya kuna ushuhuda wa Wangari Maathai, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Alieleza kwamba utotoni mama yake alimkataza kuokota kuni za mugumo, mti wa jamii ya mkuyu, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Karibu nao palikuwa na kijito alichochota maji. Aliporudi kutoka masomoni Marekani, mwenye shamba alikuwa ameukata mti apande chai, na kijito kilikuwa kimekauka.

Sasa mazungumzo ya sokoni yameanza kuwalaumu wahamaji: eti tangu wafike, miti imekwisha. Lawama hiyo haina haki. Mama anayepikia watoto juu ya mafiga matatu hamalizi msitu kwa mzigo wa kichwani. Mashamba makubwa na makala yanayopelekwa mjini hula miti mingi zaidi, na wenyeji wamo. Tena Nyangwe ni mji unaojua kukimbia ni nini. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa soko lake walipigwa risasi na watumishi wa wafanyabiashara wa pembe na watumwa, na mamia wakafa, wengi wao katika maji ya Lualaba walipokuwa wakikimbilia mitumbwi. Mji wenye kumbukumbu hiyo haufai kumtupia mkimbizi kosa la wote.

Lakini huruma peke yake haioti mti. Kinachotakiwa ni mapatano, na yafanywe kabla moto haujawashwa. Chefu wa kijiji anapomgawia mtu shamba, mwenyeji au mhamaji, amwonyeshe mikuyu iliyomo na kusema: hii inabaki. Kabla ya kuchoma, nyasi za kuzunguka shina ziondolewe hatua kadhaa, jambo la nusu saa. Anayeogopa kivuli juu ya mpunga wake apunguze matawi, asikate shina. Na matawi hayo yasitupwe: mengi ya jamii hii, yakichomekwa ardhini mvua zinapoanza, huota mizizi. Hayahitaji mfuko wa miche wala pesa ya mradi.

Mkuyu unaweza kutumika bila kuuawa. Waganda wamefanya hivyo kwa karne nyingi: hubandua gome la mti wa mutuba, wa jamii hiyo hiyo, wakalitwanga kuwa nguo, kisha hulifunga shina kwa majani ya migomba mpaka gome jipya liote. UNESCO iliiandika kazi hiyo katika orodha yake ya urithi wa binadamu mwaka 2008.

Anayeukata kwa ajili ya makala hapati faida kubwa. Mti laini hutoa makala mepesi yanayoisha upesi, na mnunuzi analijua hilo. Hasara yake ndiyo nzito, na haimhusu yeye peke yake, kwa sababu kila mkuyu unaoanguka unavunja zamu ya ile iliyobaki kwa jirani. Kijiji kimoja hakiwezi kuilinda zamu hiyo. Vinahitajika vya kandokando ya mto, ng'ambo hii na ile, na machefu wake wana majuma machache tu ya kukaa pamoja kabla ya mvua ya kwanza.