Mazungumzo ya Nyumbani: Nyumba ya Chai Kule Limuru

Mwezi huu hatuna habari za safari ndefu, maana tulikokwenda si mbali na Nairobi. Ni yapata kilomita 30 tu, kwa njia ya kupanda mpaka nchi ya Limuru, yenye baridi na ukungu, iliyo zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Tulikuwa watu watano, yaani walimu wanne na mama mzazi wa mmoja wetu, ambaye umri wake umepita miaka 80. Tulikwenda kunywa chai.

Huenda msomaji akacheka na kuuliza, Je, nyumbani kwenu hakuna chai? Iko. Lakini katika nchi ile ziko nyumba za zamani za mashamba ambazo siku hizi hupokea wageni. Mgeni huonyeshwa mimea na kufundishwa habari zake, kisha huketi barazani akanywa. Na mahali penyewe ni pazuri mno. Michai imetanda vilimani kama mkeka wa kijani, na kando yake uko msitu wa asili wakaamo mbega weusi wenye mikia myeupe.

Kabla ya kuendelea yatupasa kukiri kosa. Tulipopanga safari tulinong'onezana kwamba yule mama heri abaki nyumbani. Vinywani tulisema kwamba atachoka. Mioyoni tulihofu kwamba hatazijua desturi za meza ile, nasi tutaona haya mbele za watu. Mwanawe alisikia, akanyamaza. Walakini siku ilipofika, mama alikuwa amekwisha kuvaa nguo zake nzuri tangu alfajiri, naye akaingia garini kabla yetu sote.

Hata tulipofika langoni, akasimama. Tukamwambia, "Mama, karibu, tuingie." Akajibu, "Wanangu, mimi sikupita lango hili hata siku moja. Njia yetu ilikuwa kule chini, penye mizani."

Ndipo tulipojua ya kwamba katika shamba lile lile alichuma chai miaka 31, tangu usichana wake. Mwenzetu siku zote alitwambia kwamba mama yake ni mkulima, asiseme zaidi. Sasa alitazama chini. Binti mwenye kupokea wageni akaja, akamsalimu yule mama kwa heshima, akamshika mkono, akamwambia, "Leo u mgeni wetu, Mama." Wakatangulia wao wawili, nasi tukafuata nyuma.

Yule binti alitusimulia kwamba mbegu za chai zilipandwa Limuru mara ya kwanza mwaka 1903, zikitoka Bara Hindi, na kwamba kwa miaka mingi zao hilo lilikuwa la walowezi. Waafrika walianza kuruhusiwa kulipanda mashambani mwao katika miaka ya 1950. Mwaka 1964 serikali iliunda shirika la KTDA ili kuwasaidia wakulima wadogo, na leo hao ndio watoao sehemu kubwa ya chai ya Kenya.

Kisha akachuma chipukizi moja, akatuonyesha: majani mawili na kitumba cha ncha. Mama akatikisa kichwa. "La, binti yangu, usikate kwa ukucha. Ukilijeruhi jani, hugeuka jekundu kabla halijafika kiwandani. Livunje kwa gumba na kidole cha shahada, hivi." Mikono yake miwili ikaanza kwenda juu ya mche, upesi kuliko macho yetu. Wageni wengine wakasogea kutazama. Akawaeleza kwamba majani yakishindiliwa kikapuni hupata joto na kuharibika, na karani wa mizani huyakataa. Akasema, "Tulilipwa kwa ratili. Na ratili hizo ndizo zilizomsomesha huyu." Akamwonyesha mwanawe kwa kidole.

Mwenzetu hakujibu neno. Tulipokwenda mezani akamvutia mama yake kiti cha mbele, akammiminia chai kwa mkono wake mwenyewe kabla ya mtu mwingine ye yote. Chai ilikuja katika birika la kauri, na maziwa mbali, na sukari mbali. Mama akauliza, "Mbona maziwa na chai vimetengwa? Vimegombana?" Tukacheka sana, naye akacheka. Akaionja bila maziwa, akakaa kimya, kisha akasema, "Miaka yote ile sikupata kuonja hii. Tuliyonunua dukani ilikuwa vumbi lake. Ni nzuri. Lakini sasa nipeni maziwa."

Basi, enyi walimu wenzetu, tumeandika haya kwa sababu kosa letu si letu peke yetu. Wako wengi miongoni mwetu waliosomeshwa kwa kikapu, kwa jembe au kwa kuuza maziwa, nao wakiulizwa habari za wazazi wao, hupunguza maneno. Tulikwenda Limuru kufundishwa habari za chai, na mwalimu wetu alikuwa yule tuliyetaka kumwacha.

Na enyi akina mama wa nyumbani, mjue kwamba kilo moja ya chai kavu hutokana na kilo 4 hadi 5 za majani mabichi, ambayo hunyaushwa, husagwa, huachwa yapate hewa mpaka rangi yake iwe kama shaba, kisha hukaushwa kwa hewa ya moto na kuchekechwa. Kwa hiyo msiitupe ovyo. Maji yachemke kweli kweli, majani yakae ndani ya birika dakika chache, na birika lifunikwe. Tena kikombe cha kwanza apewe aliyetangulia kuchoka kwa ajili yenu.

Tuonane mwezi ujao, tukijaliwa.