Mazungumzo na Bwana Shamba: Gari Likitetemeka, Simama Uangalie



Mwezi huu sitazungumza juu ya mbegu wala mbolea. Nitazungumza juu ya magurudumu ya gari. Huenda utauliza, "Bwana shamba na magari, wapi na wapi?" Jibu langu ni hili. Tukivuna nyanya nzuri, kisha gari likapinduka njiani, jasho letu limepotea. Tena watu huumia.

Katika kijiji kimoja ninachokihudumia, wakulima walinunua pikapu ya kubebea nyanya. Wakati wa masika pikapu hiyo ilikwama mara kwa mara. Basi waliyang'oa magurudumu yake. Wakafunga magurudumu makubwa na mapana ya gari la aina nyingine. Gari likainuka juu, na matope likayapita. Kila mtu alifurahi.

Baada ya siku chache usukani ulianza kutetemeka. Dereva alisema, "Bwana shamba, hii ni barabara tu." Siku moja nilipanda gari hilo kwenda sokoni. Tulipofika kwenye lami, mtetemeko ulizidi. Je, tungeisingizia barabara tena? Nilimwomba dereva asimame. Tulizishika nati za gurudumu la mbele. Nati mbili zilizunguka kwa vidole! Kama tungeendelea, gurudumu lingeweza kuchomoka.

KWA NINI GURUDUMU LILILEGEA?

Katikati ya rimu pana tundu. Tundu hilo huvaa kitovu cha gari, ambacho mafundi hukiita habu. Rimu ya gari lile ilikuwa na tundu kubwa kuliko habu. Ni kama jembe lililotiwa mpini mwembamba. Gurudumu lilishikwa na nati peke yake, na halikukaa katikati.

Tena nati hazifanani. Nyingine zina mdomo uliochongoka, nyingine wa mviringo, na nyingine bapa. Mdomo wa nati usipolingana na shimo la rimu, nati hulegea hata ukiikaza kwa nguvu.

MTETEMEKO UNATUAMBIA NINI?

1. Ukiusikia kwenye usukani, anza kuchunguza magurudumu ya mbele. Ukiusikia kwenye kiti, anza na ya nyuma.

2. Ukianza gari linapokwenda kasi, kama kilomita 80 kwa saa, mara nyingi uzito wa gurudumu haulingani pande zote. Hata tope lililokauka ndani ya rimu huleta shida hiyo. Lioshe kwanza. Mtetemeko usipokwisha, peleka gurudumu kwa fundi mwenye mashine ya kubalansi.

3. Gari likiyumba hata kwa mwendo mdogo, tafuta rimu iliyopinda au tairi lenye uvimbe. Tairi lenye uvimbe usilitumie. Laweza kupasuka.

4. Likitetemeka unapokanyaga breki tu, mwambie fundi achunguze diski na dramu za breki.

JINSI YA KUCHUNGUZA

Simamisha gari mahali tambarare, uvute breki ya mkono. Angalia nati zote kwanza. Kisha zuia kwa mawe magurudumu yatakayobaki chini, ndipo upige jeki. Usiingie kamwe chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake.

Weka kijiti karibu na rimu, lakini kisiiguse. Zungusha gurudumu polepole kwa mkono. Nafasi kati ya kijiti na rimu ikipungua na kuongezeka, rimu imepinda au haikukaa sawa. Halafu shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, beringi au viungo vimelegea. Magurudumu makubwa huvichosha upesi. Hapo mwite fundi.

Unapofunga nati, usizifuate kwa mstari. Kaza moja, kisha ya upande wa pili, mpaka zote zishike sawasawa. Ziangalie tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Jambo jingine: tairi likiwa kubwa kuliko la asili, saa ya mwendo huonyesha pungufu. Dereva hudhani anakwenda polepole, kumbe anakwenda kasi.

Wakulima wale walikutana. Wakaamua kurudisha magurudumu ya zamani. Kisha walichukua majembe, wakachimba mitaro kando ya barabara ili maji yatoke. Sasa pikapu yao hukwama mara chache, na nyanya hufika sokoni salama.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini dereva alikosea kuilaumu barabara?
2. Kitu gani kichunguzwe kwanza gari likitetemeka?
3. Katika kijiji chenu, nani huangalia nati za gari kabla ya safari?

Tuonane mwezi ujao.

Bwana Shamba wenu