Hajifanyi

Ati anajifanya! Muuguzi alitamka hivyo mbele ya sistangu, uzi wa kushonea ungali mkononi, nami, mtunzi wa mashairi ya ukombozi, nikanyamaza. Leo sinyamazi.

Ugonjwa wake unaitwa bodalaini. Ukienda kazini tu, moyo wake unaona umemtupa milele. Asubuhi wewe malaika, jioni shetani, usiku wa manane analia akuombe msamaha. Kuishi naye kunachosha, sikufichi. Kuna usiku nimelala kwa jirani ili nisimsikie. Lakini anayeungua hapigi kelele ili atazamwe!

Miaka minne tumezunguka na faili. Daktari huyu vidonge, yule vidonge zaidi. Hakuna aliyetuambia kwamba kidonge cha kutibu bodalaini yenyewe hakipo. Kwamba tiba kuu ni mazungumzo, wiki baada ya wiki, kwa miezi mingi, na mtu aliyefunzwa kazi hiyo. Si siri. Marsha Linehan wa Marekani alichapisha kitabu cha tiba hiyo mwaka 1993, na mwaka 2011 akatangaza kwamba yeye mwenyewe alilazwa usichanani kwa kujiumiza. Angeambiwa anajifanya, je?

Na sisi wa nyumbani pia tulidanganya. Hapa Kenya, kifungu cha 226 kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai mpaka Mahakama Kuu ilipokitangaza kinyume cha Katiba, tarehe 9 Januari 2025. Kwa hiyo Mama alikuwa akisema, "Ameteleza bafuni." Karani akaandika ajali. Nani hupeleka ajali kwa mshauri? Anafungwa bendeji, anarudishwa nyumbani. Sheria imeanguka lakini ulimi wa Mama bado unateleza bafuni.

Siku hizi nauliza maswali hadi nachukiwa: nani atazungumza naye, lini, na sisi jamaa tutafundishwa nini akianza saa nane za usiku?

Nanyi wenzangu wa kalamu, mnaopenda kumwingiza mwendawazimu ukurasa wa mwisho ili ajitupe mtoni hadithi ipate kwisha, muuguzi yule ametusoma sisi. Mswada wangu ulikuwa naye mmoja, hana hata jina. Nimeurudisha kutoka kwa mhariri. Sistangu ameuomba ausome, na bado sijampa.