Bwana Shamba Anasema: Dawa Katika Kikombe

Siku moja nilikuwa Kyela, nikiwafundisha wakulima kuchachusha kakao. Somo lilipokwisha, mama mmoja alinifuata. Aliniuliza, "Bwana Shamba, wewe unajua majani mengi. Hulijui la kumtuliza mume mkali?"

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka. Swali hilo ni la zamani, tena kakao imo ndani yake.

Zao hili lilitoka Amerika. Wenyeji wa Meksiko walikunywa kakao kabla Wahispania hawajauteka mji wao mkuu mwaka 1521. Wakoloni hao walitawala miaka 300. Kinywaji cha kakao ni kizito na cheusi. Ukitia kitu ndani yake, hakionekani. Basi wanawake wengine walitia limbwata humo: unga wa mizizi, majani, hata maji waliyoogea.

Hawakuwa maskini peke yao. Bibi wa Kihispania naye alimwendea mwanamke mwenyeji, au mtumwa Mwafrika, akaomba dawa.

Walitaka nini? Wengine walitaka kupendwa. Wengine walitaka mume aache kuwapiga, au arudi nyumbani. Siku hizo mume aliruhusiwa kumrudi mkewe kwa kipigo. Kuachana kulikuwa kugumu sana. Mke aende wapi?

Mwaka 1571 iliwekwa huko mahakama ya kuchunguza makosa ya dini. Wanawake wengine walikwenda wenyewe kuungama. Mara nyingi walionywa, wakaambiwa wasali. Maneno yao yaliandikwa, ndiyo maana tunayajua.

Ndugu msomaji, limbwata halibadilishi moyo wa mtu. Uchafu huleta ugonjwa, na majani mengine ni sumu. Lakini tusiwacheke wanawake wale. Asiyesikilizwa barazani hutafuta nguvu jikoni.

Sisi Tanzania tunayo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mume au mke wake. Yapo pia mabaraza ya usuluhishi wa ndoa. Nilimweleza hayo yule mama. Akanijibu, "Nilikwenda. Mmoja wa wazee wa baraza ni shemeji yangu."

Nilikosa la kusema.

Jadilianeni: Katika kijiji chenu, mke aliyepigwa akisema, nani atamsikiliza?